Plasta Iliyohamia Jicho Baya

Tarehe tisa Oktoba 2008 alifariki Bwana Kilonzo, aliyekuwa akiwalaza wagonjwa wetu kwa dawa ya usingizi. Hospitali ilipoteza mtu aliyeweza kuujua moyo wa mtoto kwa kuusikiliza tu. Mimi nilipoteza mtu wa kumuuliza maswali. Mwisho wa mwaka huo nilistaafu. Vijana wa kitengo cha macho wameniomba niandike niliyoyaona, nami nimekubali kwa sababu majibu mengi niliyokuwa nikiwapa yalikuwa yake, na sipendi yaishie Machakos alikozikwa.

Sitaandika habari za vyeo, maana sikupata vingi, wala za mshahara, maana kila mtu anaujua.

Niliajiriwa Kajiado mwaka 1991, kupiga deki chumba cha upasuaji. Nilikuwa nimefika kidato cha pili, na nilikuwa na mtoto mmoja, Mutindi. Siku ya kwanza nilikuwa nimeinama na ndoo yangu wakati Bwana Kilonzo aliponiita kutoka kwenye meza ya vyombo.

"Mama Mutindi, wewe hushona?"

"Nashona vitambaa vya kochi."

"Basi kuja uone uzi."

Alinionyesha kibanio kidogo cha chuma kilichoshika sindano iliyopinda kama ukucha wa paka. Uzi sikuuona. Nilidhani ananichezea kwa kuwa mimi ni mgeni, na nikajiandaa kucheka ili nisionekane mjinga. Akageuza mkono wake kuelekea dirishani, na hapo kitu kikang'aa mara moja, kama utando wa buibui wakati wa umande. Huo ndio uliokuwa uzi. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele wangu, na unywele wangu si mnene.

"Hii inashona nini?" nikamuuliza.

"Msuli wa jicho."

"Jicho lina msuli?"

Akavuta stuli akakaa. Nadhani alikuwa amengoja kwa muda mrefu mtu amuulize swali hilo.

Nikajifunza kwamba kila jicho limeshikwa na misuli sita, minne iliyonyooka na miwili inayopita upande. Misuli hiyo ndiyo inayoligeuza huku na huku. Mmoja ukivuta kuliko mwenzake, jicho linaelekea pua au linaelekea sikio, na mtu anaambiwa ana makengeza. Daktari hakati jicho lenyewe, wala halitoi mahali pake. Anafungua ngozi nyembamba iliyo juu ya weupe wa jicho, anaupata msuli kwa kulabu ndogo, anaupitishia uzi, anaukata pale uliposhika na kuushonea nyuma kidogo ili ulegee. Ule wa upande wa pili anaweza kuupunguza urefu ili ukaze. Kipimo anakichukua kwa chombo cha miguu miwili kama bikari ya shuleni. Kosa la upana wa punje ya mtama ni kubwa mno.

Baada ya muda niliwekwa kwenye kuosha vyombo, na baadaye kuvipanga mezani na kumpa daktari mkononi. Ninyi mnaonifuata, sikieni hili moja: kulabu za msuli zioshwe kwa mswaki laini wa mtoto, sio brashi ya nguo. Ncha ikikwaruzwa kidogo tu hamtaiona, lakini msuli utaiona. Na umeme ukipotea, sufuria ya mvuke ifanye kazi kwa jiko la mafuta. Msiseme mnangoja umeme. Wagonjwa wa kwetu wametoka mbali tangu alfajiri na hawajala.

Jambo lililonishangaza kuliko yote lilikuwa moyo. Siku ya kwanza nilipomsaidia daktari kwa makengeza, aliingiza kulabu chini ya msuli na kuuvuta. Bwana Kilonzo alikuwa kichwani pa mtoto, amembandikia kifaa cha kusikilizia kifuani kwa plasta, mpira wake mrefu ukiwa sikioni mwake. Wakati huo hatukuwa na mashine ya kutuimbia mapigo kama mliyo nayo sasa. Mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu taratibu kufuata moyo wa mtoto. Msuli ulipovutwa, mguu ukachelewa.

"Daktari, achilia," akasema, bila kupaza sauti.

Daktari akaachilia. Mguu ukarudi kwenye mwendo wake.

Nilimfuata chumba cha chai nikiwa bado na kofia kichwani. "Jicho na moyo vinajuana wapi?"

Akaniambia kuna mshipa wa fahamu unaotoka machoni na mwingine unaokwenda moyoni, na mizizi yao inakutana chini ya ubongo. "Kama nyumba mbili za ploti zilizo na ukuta mmoja. Huyu akipigilia msumari, picha ya yule inaanguka."

"Na faida yake ni nini?"

"Hiyo sijui," akasema. "Ukipata mtu anajua, niambie."

Nimewauliza madaktari wengi tangu hapo. Wananieleza njia ya ile mishipa vizuri kabisa, hata wananichorea. Faida yake hakuna aliyenieleza.

Daktari wa makengeza alikuwa Daktari Achieng, aliyekuja kutoka Nairobi kila baada ya miezi mitatu. Siku nyingine tulifanya kazi za kawaida za macho, na siku moja kila wiki mimi na Bwana Kilonzo tulikaa kliniki ndogo ya Kitengela, pale Noonkopir, kuwachuja wagonjwa. Yeye hakuhitajika kule, kwa kuwa hakuna anayelazwa kliniki. Alikuja kwa sababu alisema mtoto akikuona mara mbili kabla ya kumwekea barakoa ya usingizi, atalia nusu.

Ni huko, mwaka 1999, alikoletwa Naserian. Alikuwa na miaka saba hivi. Aliletwa na nyanya yake, mama mzee mrefu kutoka upande wa Isinya, ambaye sote tulimwita Kokoo, kama mtoto alivyomwita.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko."

Naserian akaja mbele yangu akainamisha kichwa, kama watoto wa Kimaasai wanavyowasalimu wakubwa. Nikaweka kiganja juu ya kichwa chake. Kichwa hakikuinuka tena. Nilijaribu kuinama, kuchungulia, kumbembeleza. Nikaona kope tu. Bwana Kilonzo akatoa funguo zake mfukoni akaziachia zianguke. Mtoto akatazama. Jicho la kulia lilizielekea funguo. La kushoto lilielekea pua, na likakaa huko.

"Mtoto wa heshima hakuangalii usoni," Bwana Kilonzo aliniambia baadaye. "Usimlazimishe. Mpe kitu kingine cha kuangalia."

Kokoo hakuwa na haraka ya kusema shida yake. Aliuliza kwanza alichokuwa amekisikia sokoni.

"Ni ukweli munatoa jicho munaweka ya mbuzi?"

"Kokoo," Bwana Kilonzo akamjibu, "mboni ya jicho la mbuzi inalala hivi, kama kovu. Si ungeijua siku hiyo hiyo?"

Mzee yule akacheka hadi akafuta machozi kwa shuka. Kisha akataka kuelezwa kweli. Nilimweleza habari ya misuli miwili, mmoja umevuta sana na mwingine umelegea. Akanikatiza.

"Ni kama mzigo ya punda. Ikienda upande, hauchinji punda. Unalegeza kamba hii, unakaza ile."

Nimekuwa nikiwaeleza wagonjwa hivyo tangu siku hiyo, na wamenielewa kuliko nilivyoeleweka kwa mchoro wa ukutani.

Daktari Achieng alipokuja alimpima. Tatizo halikuwa kupinda peke yake. Jicho la kushoto lilikuwa limeacha kufanya kazi. Ubongo wa mtoto ukiletewa picha mbili zisizolingana huchagua moja na kuitupa nyingine, na jicho linalotupwa hulala. Kwenye ile chati ya herufi E zinazoelekeza miguu huku na huku, jicho la kushoto la Naserian liliona ile kubwa ya juu peke yake. Kulinyoosha jicho kama hilo kabla ya kuliamsha, alisema daktari, ni kunyoosha mlango wa nyumba isiyo na mtu. Akaagiza tuzibe jicho zuri kwa plasta saa kadhaa kila siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Akirudi baada ya miezi mitatu, kama limeamka, angempasua. Kama bado, hangempasua. Na ziara ile ingekuwa ya mwisho, kwa sababu alikuwa anahamishiwa mbali. Umri nao haukungoja. Mtoto akikua, jicho lililolala huwa haliamki tena.

Nilimwonyesha Kokoo jinsi ya kubandika plasta. Nilimwambia mara mbili ni jicho lipi. Akaitikia kwa kichwa.

Yapata mwezi mmoja baadaye tulikwenda Isinya kwa kliniki ya siku moja chini ya hema. Kazi ilipoisha mapema Bwana Kilonzo akasema tupite tumwone yule mtoto. Tulimkuta kabla hatujafika bomani. Alikuwa amesimama kwenye uwanda na fimbo yake, mbuzi wamemzunguka, plasta ikiwa imebandikwa vizuri kabisa usoni. Ilikuwa kwenye jicho la kushoto. Lile vivu.

"Naserian, plasta ilihama lini?" nikamuuliza.

"Kokoo aliihamisha."

Kokoo alitukaribisha kwa chai ya maziwa kabla hatujauliza chochote. Halafu akasema kwa ukali kidogo, "Nyinyi mulifunga jicho yenye inaona. Mtoto akaenda malisho kama kipofu. Mbuzi mbili zikapotea, fisi ikakula. Na mimi nikafikiria. Mtu akiwa na kidonda mguu ya kushoto, munafunga ya kulia?"

"Mguu mzuri ukifungwa, ule mwingine unajifunza kutembea," Bwana Kilonzo akasema.

"Na ikijifunza, nani anachunga?"

Mimi nilitazama ndani ya kikombe. Wazazi wa Naserian walikuwa wamekwenda upande wa Loitokitok kulima mboga kwa mashamba ya watu, na pale bomani walikuwa hao wawili na mbuzi. Tulikuwa tumeandika saa za plasta kwa mtoto asiye na kazi, na mtoto asiye na kazi hatukuwa naye.

Bwana Kilonzo akauliza, "Kokoo, mbuzi zinarudi bomani jua likiwa wapi?"

"Hapo." Akaonyesha kwa kidevu, juu kidogo ya vilima.

"Basi kutoka hapo mpaka giza, hilo jicho zuri ni letu. Na asubuhi kabla mbuzi hazijatoka. Mchana ni lako."

Kokoo akalifikiria. "Sitaki akae bure kama mgeni. Mtoto akikaa bure anang'oa hiyo karatasi." Akaita kitu kwa Kimaa, na Naserian akatoka nyumbani na mkebe. Ulikuwa umejaa shanga. Siku hizo mzee hakuwa akizitunga tena. "Atashona mkufu. Nyekundu mbili, nyeupe moja, bluu moja. Akikosea rangi, nafumua yote anaanza tena."

Bwana Kilonzo alinitazama kwa furaha. Hakuna kazi bora kwa jicho vivu kuliko ndogo, ya karibu, yenye kuchosha. Hatukuwa tumefikiria shanga. Tulikuwa tumefikiria vitabu vya picha, ambavyo hatukuwa navyo.

Sikujua kama ingetosha. Saa hizo zilikuwa pungufu ya zile daktari alizotaka, na mwezi mzima ulikuwa umeharibika. Kila Jumatano kliniki ya Kitengela nilikaa nikiangalia mlango. Hawakuja, na sikutegemea waje. Nauli ingetoka kwa mbuzi hao hao. Nilimuuliza Bwana Kilonzo anaonaje.

"Mimi nasikia mioyo," akasema. "Macho uliza wenye macho."

Daktari Achieng alifika kama alivyopanga, kwa mara ya mwisho. Naserian na Kokoo walikuwa wamelala Kajiado kwa mtu wa ukoo wao ili wasichelewe. Shingoni mwa mtoto kulikuwa na mkufu wenye safu za kwanza zilizokwenda kombo, rangi zikipotea njia, na safu za mwisho zilizonyooka. Nilimketisha mbele ya chati, nikaziba jicho la kulia. Akaonyesha kwa kidole E ile kubwa inaelekea wapi. Nikashuka mstari. Akaonyesha. Nikashuka tena. Akasita, akasogeza kichwa, akaonyesha, na ilikuwa sawa. Mistari miwili ya mwisho alishindwa nayo.

Daktari aliirudia mwenyewe kutoka mwanzo, maana hakuwa mtu wa kuamini cha kuambiwa. Kisha akasema, "Kesho asubuhi. Asile kitu."

Siku ya pili Kokoo alibaki nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, amekaa sakafuni, amekataa kiti. Bwana Kilonzo alimwekea Naserian barakoa, akimwambia ampulizie mluzi mbuzi aliyepotea, na mtoto akalala katikati ya kupuliza. Daktari alianza na msuli wa ndani. Nilimpa kulabu. Akaupata, akauinua, ukaonekana mwekundu na bapa kama utepe. Akauvuta kidogo ili apate nafasi ya sindano.

Mguu wa Bwana Kilonzo ukachelewa. Halafu ukasimama.

"Achilia."

Daktari alikuwa ameshaachilia. Mguu haukugonga. Nilishika kibanio chenye uzi hewani na sikujua nikiweke wapi. Bwana Kilonzo alisukuma dawa ya kuharakisha moyo aliyokuwa ameivuta tangu asubuhi kwenye bomba la sindano, maana hakuwahi kuanza makengeza bila hiyo kuwa tayari kando yake. Alikuwa amefumba macho. Nilimwona anasikiliza kama mtu anayesikiliza hatua za mtu barabarani.

Mguu ukagonga. Ukagonga tena. Ukaanza kukimbia.

"Ngoja apumzike," akasema. "Amerudi, lakini amekasirika."

Tulingoja. Daktari alipoingiza kulabu tena alivuta polepole mno, na mguu ukaendelea bila kuchelewa. Akaushona msuli nyuma ya pale ulipokuwa, akapima, akapima tena, akafunga. Ule wa nje akaupunguza na kuurudisha. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kawaida, na sikumbuki jambo lolote la kusimulia ndani yake.

Kokoo alituuliza kama mtoto alisumbua. Bwana Kilonzo akamwambia kweli, kwamba moyo ulikaa kimya kidogo ukaanza tena, na kwamba alikuwa ameijua tabia hiyo na kuingoja. Mimi nisingemwambia. Mzee akamtemea mate kidogo kiganjani, ambayo kwao ni baraka. Bwana Kilonzo hakunawa mpaka alipofika chumba cha chai, na hapo alinawa vizuri.

Plasta ilipotolewa asubuhi iliyofuata, jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, na lilikuwa limenyooka. Naserian alitutazama mmoja mmoja kwa macho yote mawili, kisha akakumbuka adabu akainamisha kichwa.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Wiki kadhaa baadaye, Kitengela, nilimvalisha ile miwani maalum na kumpa kile kitabu chenye picha ya nzi mkubwa. Mtu ambaye macho yake mawili yanafanya kazi pamoja humwona nzi ameinuka juu ya karatasi, na akiambiwa ashike mbawa hufinya hewa. Naserian alifinya karatasi. Kwake nzi alikuwa bapa. Daktari alikuwa ametuambia mapema kwamba macho yaliyochelewa hivyo yanaweza kunyooka na kila moja likaona, lakini yasijifunze kuona pamoja. Nimejiuliza mara nyingi dunia ya Naserian inaonekanaje. Nilipomuuliza, aliniambia inaonekana kama dunia.

Nilimweleza Kokoo hayo yote, la nzi na la chati, na kwamba jicho la kushoto sasa linafanya kazi ingawa lisingekuwa sawa na la kulia. Alisikiliza, akashukuru, akatoka na mtoto. Niliwasindikiza hadi langoni. Hapo akasimama. Nadhani hakuwa ameziamini herufi zetu, kwa kuwa herufi si mali.

Akaweka kiganja juu ya jicho la kulia la Naserian. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wakiwapeleka ng'ombe mnadani.

"Kuna nini kule?"

"Ng'ombe."

"Hata kipofu anajua ni ng'ombe, ananusa. Sema vizuri."

Naserian akatulia, kiganja cha nyanya yake kikiwa usoni. "Ya mbele ni nyeusi, iko na doa nyeupe kwa bega. Ile inafuata ni kahawia. Ya nyuma pembe moja imevunjika."

Kokoo akanigeukia. "Ni ukweli?"

"Ni kweli, Kokoo. Si hao hapo, huwaoni?"

"Mimi naona vumbi."

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na barabara ilikuwa tope. Muda wote ule tulikuwa tumemwangalia mtoto tu. Nikamwomba Kokoo aelekeze uso kwenye mwanga. Ndani ya mboni zake, zote mbili, kulikuwa na ukungu wa kijivu.

"Kokoo, hii ilianza lini?"

"Kabla huyu aanze kuchunga," akasema. "Ndiyo akaanza."

Naserian akamshika mkono mmoja, mimi nikamshika mwingine, tukarudi naye ndani.